Sleep, Hibernate au Shut down: laptopu ya siku hizi uilaze vipi kabla hujaitia kwenye begi

Siku hiyo nasafiri Dar kwenda Iringa, basi la saa 12 asubuhi, usiku wake nimechaji laptopu mpaka 98%, nikafunga mfuniko tu kama nilivyozoea miaka yote, nikaitia kwenye begi, begi nikaliweka miguuni. Tumefika Ruaha Mbuyuni, watu wanagombea vitunguu dirishani, mi navuta begi nitoe pochi, mkono ukagusa kitu cha moto. Sio vuguvugu, moto kabisa, kama sufuria limetoka jikoni sasa hivi. Humo ndani feni inalia peke yake. Nafungua, 9%. Na Iringa nilikuwa na prezentesheni saa 10 jioni ambayo nilitegemea niimalizie njiani.

Nikajua betri imekwisha. Fundi wa kwanza akasema nibadilishe betri, wa pili akasema ni kirusi nipige Windows upya, nikapiga, wiki ya pili begi likawa jiko tena. Betri ilikuwa nzima na kirusi hakuna. Kumbe laptopu nyingi za siku hizi ukifunga mfuniko hazilali, zinasinzia tu, na sisi tuliotoka kwenye mashine za zamani hakuna aliyetuambia kwamba lile neno Sleep kwenye menyu limebadilika maana huku jina limebaki lilelile. Kwa hiyo wakuu leo nazipanga hizi njia za kuilaza, ipi ya mezani, ipi ya begini, ipi ya usiku, na kidogo kwa wanaotaka kununua maana kila siku mnauliza mtumba au mpya.

Sleep ya zamani na Sleep ya sasa

Ile ya zamani mafundi wanaiita S3, imetoka kwenye utaratibu wa ACPI, yaani kanuni za jinsi kompyuta inavyosimamia umeme wake, ambao Intel, Microsoft na Toshiba waliutoa 1996. Ukifunga mfuniko prosesa inakatiwa umeme, diski inakatiwa, feni inasimama, kinachobaki hai ni RAM, ile kumbukumbu ya muda, inapewa umeme kiduchu ili isisahau ulichokuwa unafanya. Ni kulala fofofo. Hata kama una draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) mbovu au programu kiherehere haina la kufanya, prosesa yenyewe ya kuiendesha haipo. Ukifungua, sekunde mbili tatu upo palepale ulipoishia.

Hii ya sasa inaitwa Modern Standby. Ilianza na Windows 8 mwaka 2012 kwa jina la Connected Standby, ilipokuja Windows 10 mwaka 2015 ikapewa jina hilo jipya. Wazo lake laptopu iwe kama simu, skrini inazima lakini mashine kwa hesabu za ndani bado imewashwa, prosesa inajilaza kwa vipande vipande kila inapokosa kazi, waifai inaweza kubaki imeunganishwa, imeili zinaingia, ukifungua inaamka hapohapo hata sekunde haiishi. Na wazo sio baya jamani, simu yako ikilala mezani usiku kucha asubuhi imepungua asilimia chache tu, hakuna anayelalamika.

Ila simu imetengenezwa na watu wachache wanaoshika kila kitu ndani yake. Laptopu ya Windows ina draiva ya huyu, kadi ya waifai ya yule, programu ya sauti ya mwingine, antivirusi ya mwingine tena, na akibaki mmoja tu hataki kulala basi nyumba nzima inakesha naye. Huu ndo usingizi wa mang'amung'amu, ule wa mlinzi kwenye kiti, macho kafumba lakini paka akipita anauliza nani huyo. Mezani hauna shida, hewa ipo. Kwenye begi lililozibwa zipu hewa haipo, joto haliendi kokote, feni inazunguka kwa nguvu na feni nayo inakula betri.

Angalia hesabu yenyewe. Chukua betri ya kawaida ya wati-saa 50. Ikilala vizuri ikawa inakula nusu wati, hiyo ni 1% kwa saa, usiku wa saa 10 umepoteza 10%. Kitu kimoja kikigoma kulala ikawa inakula wati 7, saa 7 tu betri yote imekwenda, na hapo hujafungua hata faili moja. Modern Standby ikiwa kwenye siku yake nzuri inalingana na S3 kabisa, tatizo huwezi kujua leo ni siku ipi, na mi hilo ndo linaniudhi kuliko hata kiasi kinachopungua. S3 ilikuwa inajulikana. Hii ni bahati nasibu kila unapofunga zipu.

Kujua ya kwako ni ipi, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /a halafu Enter. Itakupa orodha ya aina za usingizi ambazo mashine inazo. Ukiona Standby (S3) juu, kwenye zile zinazopatikana, una ile ya zamani, shukuru. Ukiona S0 Low Power Idle juu na S3 imeshushwa kule chini kwenye zisizopatikana, una hii ya sasa. Nusu dakika umemaliza.

Na kama una hii ya sasa na unataka kumkamata mkeshaji, fungua Command Prompt kama administrator andika powercfg /sleepstudy, inatengeneza ripoti unaifungua kwenye brauza, inakuonyesha kila ilipolala siku za karibuni, ililala muda gani, betri ilishuka kiasi gani, na nani alikuwa anaisumbua. Mimi yangu ilikuwa kadi ya waifai, mstari mwekundu tii, siku ile begi lilipokuwa jiko tena yote ipo pale. Nikasasisha draiva kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wa laptopu, ikapungua, haikuisha.

Kuna ujanja unazunguka sana wa kuingia kwenye rejista, pale Windows inapotunza mipangilio yake, na kuweka kitu kinaitwa PlatformAoAcOverride kuwa 0 ili Modern Standby izime irudi S3. Kwenye mashine ambayo S3 bado imo ndani ya BIOS (ile programu inayowasha mashine kabla ya Windows) unaweza kufanya kazi. Ila laptopu nyingi za kuanzia 2020, 2021 S3 imeondolewa kabisa, sio imefichwa, haipo, kwa hiyo ukifanya ule ujanja unaishia neno Sleep linapotea kwenye menyu na huna usingizi wa aina yoyote zaidi ya Hibernate. Sio kwamba umeua mashine, unarudisha tu, ila usije ukafanya saa mbili kabla ya intavyuu.

Hibernate, ambayo wengi tumeisahau

Hapa ndo nilipohamia. Hibernate inachukua kila kilichomo kwenye RAM, inakiandika kwenye diski ndani ya faili linaitwa hiberfil.sys, halafu mashine inazima kabisa kabisa. Ukiwasha inalisoma lile faili na kurudisha kila kitu, tabu zako 40 za Chrome na ile Word ambayo hujaisevu. Huu ndo usingizi wa pono wenyewe. Kwenye begi haipati moto kwa sababu hakuna kinachowaka, na betri ukiacha siku tatu unaikuta ilipokuwa au imepungua kidogo sana.

Ubaya wake ni kuamka. Kwenye SSD, zile diski zisizozunguka, nasubiri kama sekunde 15, wakati mwingine 20. Kama bado una diski ya kuzunguka, wewe chemsha chai. Pia inakula nafasi, kwa kawaida Windows inatenga kama 40% ya RAM, yaani ukiwa na RAM ya 16 GB faili linafika 6.4 GB, na kwa mwenye diski ya 128 GB hiyo inauma.

Kuna wanaosema Hibernate inaua SSD kwa kuandika andika. Hebu tupige hesabu tuache maneno. Tuseme kila ukilaza inaandika 6 GB na unalaza mara mbili kwa siku, ni 12 GB, kwa mwaka karibu TB 4.4 (TB moja ni GB 1,000). SSD kama Samsung 970 EVO ya 250 GB watengenezaji wake wameipa dhamana ya kuandikwa TB 150. Hiyo ni miaka zaidi ya 30. Laptopu yenyewe bawaba zitakuwa zimeshakatika zamani.

Na kwetu Hibernate ina faida nyingine ambayo wazungu wanaoandika mambo haya hawaiongelei sana, umeme. Wangapi hapa wana laptopu ya mtumba ambayo betri imekufa, inaishi kwenye soketi kama televisheni? Hiyo ukiiweka Sleep, iwe ya zamani iwe ya sasa, luku ikiisha saa 8 usiku RAM imesahau kila kitu, asubuhi unaanza upya. Ukiiweka Hibernate, luku iishe, umeme ukatike wiki nzima, kazi yako ipo kwenye diski inakusubiri. Dada yangu anafanya uhasibu wa maduka mawili kwenye mashine ya namna hiyo, alipoteza mahesabu ya jioni mara mbili kwa kuamini Sleep, siku hizi hata akienda kuonja mboga jikoni anabonyeza Hibernate.

Kuipata kwenye menyu, maana Windows imeificha: Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, bonyeza yale maandishi ya Change settings that are currently unavailable, chini kuna kiboksi cha Hibernate, weka tiki. Kiboksi hakipo? Command Prompt ya administrator, andika powercfg /hibernate on, rudi tena uangalie.

Shut down sio Shut down

Kuna watu wanasema haya yote ya nini, mi nazima tu. Sawa, kwa begi kuzima ni salama, haiwaki moto. Ila jua tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down inafunga programu zako kweli, lakini roho ya Windows yenyewe haizimwi, inaandikwa kwenye lilelile faili la hiberfil.sys halafu kesho inasomwa ili kuwaka kuwe haraka. Kama Fast Startup imewashwa, fungua Task Manager, upande wa Performance, CPU, angalia Up time, unaweza kukuta siku 9 na wewe unazima kila jioni. Ndo maana mashine ikiwa na kichaa fundi anakwambia restati, sio zima uwashe. Restart inaanza upya kweli, Shut down haianzi upya. Ajabu lakini ndo hivo. Ukitaka kuzima kwelikweli shika Shift wakati unabonyeza Shut down.

Kwa hiyo ukilinganisha Shut down na Hibernate kwa mtu wa kawaida, betri ni karibu sawa, joto sawa hakuna, tofauti ni kwamba Shut down inakufungia kazi zako na Hibernate haifungi. Mi sioni sababu ya kuzima kila siku. Mara moja kwa wiki napiga Restart, basi.

Zinazoamka usiku

Hii ni kero tofauti kidogo, laptopu imelala vizuri chumbani, saa 9 usiku skrini inawaka chumba kizima kama umemulikwa na lori. Mara nyingi ni masasisho yameweka saa ya kuamsha, au mausi imesukumwa na paka. Andika powercfg /lastwake inakwambia nani kaiamsha mara ya mwisho, na powercfg /waketimers kuona nani kaweka alamu. Kwenye Power Options za ndani kuna Allow wake timers, iweke Disable, na mausi unaingia Device Manager unaondoa tiki ya kuruhusu kuamsha kompyuta. Kwenye mashine za Modern Standby baadhi ya hivi vitu unavikuta havipo, wameviondoa, na hapo ndo narudi palepale, Hibernate.

Kama unanunua

Mtumba wa S3 au mpya ya Modern Standby au Mac? Inategemea mfuko na kazi, ila nitasema ninavyoona.

Mtumba unaofaa kwa sasa ni wa kati ya 2018 na 2020, prosesa ya Intel kizazi cha 8 mpaka cha 10. Sababu ni kwamba Windows 10 iliishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, kwa hiyo chini ya hapo unanunua tatizo lingine, na juu ya hapo S3 inaanza kupotea. Mfano ThinkPad T480 ya 2018, ina S3, inakubali Windows 11, na ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma unayoichomoa kwa mkono bila bisibisi. Sio nyembamba, skrini nyingi ni za kawaida tu, lakini inalala. Kuna ThinkPad za miaka hiyohiyo kama X1 Carbon ya 2018 ambazo zilitoka na usingizi wa kisasa tu, baadaye BIOS ikasasishwa ukaongezwa uchaguzi wa Sleep State, humo ukichagua penye neno Linux unapata S3. Kwa hiyo mwaka peke yake hautoshi. Ukiwa dukani Kariakoo mwambie muuzaji aiwashe, andika powercfg /a hapohapo kaunta, akikushangaa mwache ashangae.

Mpya ya Windows unapata prosesa kali, betri changa, skrini nzuri, na dhamana. Usingizi wake ni ile bahati nasibu niliyosema, lakini ukishaiseti Hibernate kwenye mfuniko kero kubwa inakwisha, kwa hiyo sioni kama ni sababu ya kuikimbia mpya kama hela ipo.

MacBook za chipu za Apple, kuanzia M1 ya Novemba 2020, kwa suala la kulala tu hazina mpinzani, hapo tusidanganyane. Zinalala kwa mtindo unaofanana na wa simu, tofauti ni kwamba chipu na mfumo ni vya mtu mmoja. MacBook Air ya M1 haina hata feni, na betri yake ni ya wati-saa 49.9, sawa tu na laptopu zetu hizi. Rafiki yangu anafunga Ijumaa anafungua Jumatatu imepungua kidogo tu. Kero yake ndogo ni kwamba hata ukiizima kabisa, ukifungua mfuniko inawaka yenyewe, na kero kubwa ni bei, RAM huongezi, na ukiimwagia chai fundi wa kuitengeneza ni wa kumtafuta kwa tochi.

Watu wa Linux nyie mnajijua. Soma /sys/power/mem_sleep, ukiona neno deep ipo S3, ukiona s2idle peke yake karibu kwenye chama.

Ninavyoishi mimi sasa

Kwenye Power Options, Choose what closing the lid does, upande wa On battery nimeweka Hibernate, upande wa Plugged in nimeacha Sleep. Nikiwa mezani na chaja nafunga nafungua inaamka haraka, nikiwa njiani inazima kweli. Ila kuna mtego hapa, ukifunga mfuniko wakati chaja bado imechomekwa halafu ndo ukachomoa na kutia kwenye begi, mashine imeshaingia kwenye Sleep ya mezani na unaweza kuwa umebeba mlinzi wako wa kwenye kiti. Chomoa chaja kwanza, ndo ufunge. Na usikimbilie zipu, subiri taa ya pembeni izime na feni inyamaze, kuandika kwenye diski kunachukua sekunde kadhaa.

Mwanafunzi anayehama darasa hadi darasa kila dakika 40 Hibernate itamchosha, huyo aache Sleep, abebe mkononi sio begini, akitoka chuo ndo aibonyeze Hibernate kwa mkono. Mwenye betri iliyokufa aweke Hibernate pande zote mbili bila kufikiria. Anayeshusha mafaili usiku kucha asilaze kwa njia yoyote hapa, aweke Do nothing, aache mfuniko wazi, aiweke juu ya meza ngumu sio juu ya godoro.

Na kama unamsetia mzazi, mwambie kabisa kwamba akifungua mfuniko skrini inaweza kubaki nyeusi mpaka abonyeze batani ya kuwashia. Mama yangu mdogo sikumwambia, akanipigia mara mbili asubuhi moja, ya pili analia, anajua laptopu ya kikundi chao cha VICOBA imeungua mikononi mwake.